Aliyetundika Maji kwa Upendo, Je, Ana Hatia?



Neno nitakaloliandika mwezi huu nililetewa nyumbani na mama mmoja mwuguzi. Amefanya kazi katika wodi ya watoto zaidi ya miaka 20, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ameitumia katika chumba wanacholazwa walio mahututi. Hakuja kwa ajili ya ugomvi wa nyumbani, wala kutaka cheti cha ubatizo. Aliketi, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Mchungaji, je, mimi nimewaua watoto?"

Nikamwuliza, "Watoto gani, mama?"

Akasema, "Wale niliowatundikia maji."

Akanieleza. Tangu ujana wake alifundishwa ya kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye mikono na miguu yake imekuwa baridi na mpigo wa damu yake umekuwa dhaifu, atundikiwe dripu ya maji ya chumvi, nayo maji yaingizwe upesi. Alifanya hivyo kwa bidii. Aliwafundisha na wasichana waliokuja kujifunza kazi chini yake. Kisha, miaka kadhaa iliyopita, aliitwa katika mafunzo, akaambiwa ya kuwa utafiti umeonyesha kwamba katika watoto wa namna ile maji ya haraka huongeza vifo. Wenzake waliandika katika madaftari yao, wakaenda kunywa chai. Yeye aliandika vilevile, lakini tangu siku ile amelibeba neno hili peke yake.

Nalimjibu upesi: "La, mama, hukuua mtu. Hukujua." Akanishukuru kwa adabu, akaenda zake. Lakini uso wake haukuwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo, nami nikaona ya kuwa jibu langu lilikuwa jepesi kwangu mimi, si kwake. Ndiyo maana nataka kulifikiri tena polepole mbele yenu. Maana miongoni mwenu wamo wauguzi, na waume wa wauguzi, na wazazi wao. Na hakuna hata mmoja wetu ajuaye ni lini atambeba mtoto wake usiku mpaka mlangoni pa hospitali.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe, kwa kuwa mtu hawezi kuhukumu asilolielewa. Mtoto anapopatwa na malaria kali, au na vijidudu vilivyoingia katika damu, mara nyingine damu haifiki vema katika viungo vyake. Mwuguzi hubonyeza ukucha wa mtoto mpaka uwe mweupe, huuachia, huhesabu ni sekunde ngapi hata wekundu urudi. Zikipita sekunde 3, ni dalili mbaya. Hushika mguu, auona baridi. Hushika kifundo cha mkono, auona mpigo unakwenda mbio tena ni hafifu. Basi wataalamu walisema: mishipa imepungukiwa, ijazeni. Mililita 20 kwa kila kilo ya mtoto ziingie haraka, na ikibidi ziongezwe. Kwa mtoto wa kilo 10 ni mililita 200, karibu bilauri moja.

Sisi tuliokulia penye mifereji ya mlimani twaelewa fikira hiyo mara moja. Maji yakipungua katika mfereji, migomba ya chini hukauka. Basi panda juu, uyafungulie. Nani angeweza kuona kosa katika jambo lililo wazi namna hii? Katika nchi nyingi tajiri likawa kama sheria, na kwetu likaja kwa vitabu na kwa semina.

Lakini walikuwako watu waliouliza kama ni kweli. Daktari Kathryn Maitland, afanyaye utafiti katika hospitali ya Kilifi huko Kenya, pamoja na wenzake wa Uganda, Tanzania na Uingereza, waliazimia kulipima. Utafiti wao uliitwa FEAST, ukafanywa katika hospitali sita: Kilifi, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor katika Uganda, na Hospitali Teule ya Muheza, hapa kwetu katika mkoa wa Tanga. Hazikuwa hospitali zenye mashine za kupumulia na vyumba vya kifalme. Zilikuwa hospitali kama hizi tuzijuazo.

Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu isiyofika vema viungoni waligawanywa katika mafungu matatu kwa njia ya kura. Fungu moja walipewa maji ya chumvi kwa haraka. Fungu la pili walipewa albumini kwa haraka, nayo ni maji yenye utomvu wa damu ndani yake, yenye bei kubwa. Fungu la tatu hawakupewa maji ya haraka hata kidogo, ila maji yale ya polepole ambayo kila mtoto asiyeweza kunywa huyahitaji. Mengine yote yalikuwa sawa kwa wote: dawa za malaria, dawa za kuua vijidudu, hewa ya oksijeni, sukari kwa aliyepungukiwa sukari, damu kwa aliyepungukiwa damu.

Wenye kuufanya utafiti walitazamia ya kuwa waliopewa maji ya haraka ndio watakaopona zaidi. Ikawa kinyume. Katika muda wa saa 48, waliokufa katika mafungu mawili ya maji ya haraka walikuwa 111 kati ya 1,050, na 110 kati ya 1,047. Katika fungu la wale ambao hawakupewa, walikufa 76 kati ya 1,044. Mnamo Januari 2011 kamati iliyowekwa kuzilinda hesabu iliona hayo, ikashauri kazi ya kuingiza watoto wapya isimame mara moja, ingawa ilikusudiwa wafike 3,600. Habari zikachapishwa mwaka huohuo, na matabibu wa ulimwengu wote wakashtuka. Wengine walikataa kusadiki.

Sasa naomba msomaji asimame hapa pamoja nami kidogo, maana kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hesabu zenyewe. Katika saa ile ya kwanza, watoto waliopewa maji ya haraka walionekana kuwa na nafuu. Kwa wengi wao, kuliko wale wa fungu la tatu, dalili zile mbaya zilipungua: mguu ulipata joto, ukucha ulirudisha wekundu. Vifo vile vya ziada vilikuja baadaye. Wataalamu walipochunguza tena, walieleza mwaka 2013 ya kuwa wengi katika hao walikufa kwa moyo na mishipa kushindwa kazi, wala si kwa maji kujaa mapafuni kama wengi walivyodhani.

Fikirini maana yake kwa mwuguzi. Ametundika maji, amesimama kando ya kitanda, ameona kwa macho yake mtoto akipata joto. Mama wa mtoto ameona pia, amemshika mkono na kumshukuru. Zamu yake imekwisha, amekwenda nyumbani na moyo mkunjufu. Usiku mtoto akafa. Asubuhi aliambiwa, naye akasema, kama sote tungalivyosema: "Alikuwa amechelewa kuletwa. Tulijitahidi, hata alianza kupata nafuu." Maji yale yakasifiwa, na kifo kikahesabiwa juu ya ugonjwa.

Je, angaliwezaje kujua? Katika kila watoto 100, tofauti ilikuwa watoto watatu. Watoto kumi walikufa badala ya saba. Hakuna macho ya mwanadamu yawezayo kuona tofauti hiyo kitandani, hata yangekuwa macho ya mama aliyefanya kazi miaka 20. Katika mwezi mmoja watoto wanne hufa, katika mwezi wa pili tisa, katika mwezi wa tatu wawili. Mvua zikinyesha malaria huzidi, zikikoma hupungua. Nani atasema hawa watatu walitokana na maji? Wale watatu hawana jina. Hata leo hakuna ajuaye ni watoto gani.

Hapo ndipo nilipoona ya kuwa jibu langu la kwanza lilikuwa na upungufu. Nilimwambia "hukujua", kana kwamba kutojua ni kufungwa macho, na mtu angeweza kuyafungua kama angalitaka. Yeye hakufumba macho. Aliyafungua, akatazama kwa upendo, na yale aliyoyaona yakamdanganya. Sisi wahubiri twapenda kuwaambia watu watende mema kwa moyo safi, na mara nyingi twaishia hapo. Lakini moyo wa mama huyu ulikuwa safi. Kilichopungua kilikuwa hesabu.

Basi nasema bila kusitasita: kwa siku zile ambazo mafundisho yote aliyoweza kuyafikia yalimwamuru hivyo, hana hatia. Hatia yahitaji mtu awe na njia mbili mbele yake na achague iliyo mbaya. Yeye alikuwa na njia moja, nayo aliionyeshwa na waalimu wake. Hata hivyo simwambii asihuzunike. Kuna watu wadhanio ya kuwa pasipo hatia hapana haki ya kuhuzunika, na ya kwamba mchungaji akiisha kumhakikishia mtu ya kuwa hana kosa, lazima machozi yakauke. Sivyo. Dereva aliyeendesha kwa uangalifu, mtoto akamrukia barabarani, hana hatia. Lakini tungemwonaje kama angalikula chakula chake jioni ile bila kubadilika uso? Huzuni ya mama huyu ni ushuhuda ya kuwa watoto wale walikuwa watu kwake. Nilifanya vibaya kutaka kuiondoa upesi.

Lakini swali haliishi hapo, maana miaka haikusimama. Habari zilichapishwa mwaka 2011. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliorekebishwa juu ya watoto hawa mwaka 2016, likisema ya kuwa mtoto mwenye dalili moja au mbili tu asipewe maji ya haraka. Na yule mwenye dalili zote tatu, yaani mikono na miguu ya baridi, ukucha unaochelewa kupita sekunde 3, na mpigo dhaifu uendao mbio, apewe kwa kiasi, mililita 10 hadi 20 kwa kilo, tena kwa nusu saa hata saa nzima, huku akiangaliwa sana. Miaka mitano ilipita katikati. Tena toka mwongozo kuandikwa hata kumfikia mwuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya, ni safari nyingine.

Nani abebaye miaka hiyo? Sitaki kuwahukumu haraka walioandika mwongozo. Mtu mwenye kuandika neno litakalofuatwa na mamia ya hospitali apaswa kupima mara mbili. Waliuliza maswali ya haki: je, utafiti mmoja watosha? Je, habari za watoto ambao zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria zawahusu na watoto wasio na malaria? Lakini walikuwako na wengine ambao, nadhani, hawakupima neno lolote. Walisikia, wakasema, "Sisi tumezoea hivi." Mtu aliyeonywa akaendelea kwa sababu ya mazoea tu, huyo simwoni kuwa mahali pamoja na mama yule. Na mkubwa wa kazi aliyepokea karatasi za mwongozo mpya akazifungia kabatini, zisipate kuchafuka, yeye namwona kuwa mahali pabaya zaidi. Nimeyaona makabati ya namna hiyo. Funguo zake huwa kwa mtu aliyekwenda likizo.

Wengine miongoni mwenu watasema, na nimekwisha kusikia wakisema: "Lakini utafiti wenyewe ulikuwa wa haki? Kuwapigia watoto kura, huyu apewe, huyu asipewe, na mama zao wanalia barazani!" Swali hili ni la kweli, wala halistahili kuchekwa. Mwanadamu si mbuzi wa kugawanywa.

Mimi nami nilianza upande huo. Lakini nilipofikiri zaidi niliona hivi. Tabibu ajuaye dawa iliyo njema, kisha akapiga kura kama atampa mgonjwa au asimpe, huyo ni mwovu. Walakini wale hawakujua. Walidhani tu. Na pale ambapo hakuna ajuaye, kura ilikuwa imekwisha kupigwa zamani bila watu kuiona: mtoto aliyechukuliwa hospitali hii alipewa maji mengi, wa hospitali ile kidogo, wa mahali pengine hakupewa, kwa kadiri ya mazoea ya waliokuwa zamu na dripu zilizokuwa stoo. Hiyo nayo ilikuwa kura, ila hapakuwa na mtu aliyeandika matokeo yake. Watoto wa kura ile ya siri walikufa pasipo kumfundisha mtu yeyote neno lolote. Hawa wa kura ya wazi, vifo vyao viliandikwa, vikahesabiwa, na kwa ajili ya hesabu ile kazi ikasimamishwa. Mitume nao walipofika mwisho wa maarifa yao, wakiwa na watu wawili wema mbele yao, walipiga kura, wala hatusomi ya kuwa waliona haya.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo bado lanisumbua, nami sitalificha. Ni habari ya ruhusa ya mama. Mtoto anapokata roho hakuna nafasi ya kumsomea mama yake karatasi ndefu; na hata ukimsomea, atasikia nini? Waliofanya utafiti walitengeneza njia: mama aliyekuwa katika hali hiyo aliulizwa kwa maneno machache ya mdomo, na mtoto alipokwisha kutulia, wakamweleza yote kwa utaratibu, wakaomba ruhusa kamili. Naona ya kuwa walijitahidi kuwa waaminifu, wala sijui njia iliyo bora. Lakini mama asemaye "ndiyo" huku akimtazama mwanawe, husema "ndiyo" kwa mtu yeyote aliyevaa koti jeupe. Kwa hiyo mwenye koti jeupe amebeba dhamiri mbili, yake na ya mama yule. Wauguzi ndio wanaolijua jambo hili kuliko wote, kwa sababu wao ndio wanaosimama katikati, tena wao ndio wasemao lugha ya mama.

Tusidhani ya kuwa kudanganywa na macho ni habari ya Afrika tu, au ya hospitali maskini tu. Kwa miaka zaidi ya 30 watu walioumia kichwa vibaya walipewa dawa za namna ya kotizoni katika nchi nyingi, kwa kuwa ilionekana wazi ya kwamba ubongo uliovimba wahitaji dawa ya kupunguza uvimbe. Mwaka 2004 ukachapishwa utafiti wa watu wazima 10,008, ulioitwa CRASH. Katika majuma mawili walikufa 21.1 kwa mia kati ya waliopewa dawa ile, na 17.9 kwa mia kati ya wasiopewa. Tena mwaka 2009 ilionekana katika wagonjwa mahututi zaidi ya 6,000, wengi wao wa Australia na New Zealand, ya kuwa kuishusha sana sukari ya damu kwa insulini, jambo lililosifiwa mno miaka michache nyuma, kuliongeza vifo kuliko kuishusha kwa kiasi. Na jirani zetu wa Zambia, katika hospitali kuu ya Lusaka, waliwapima watu wazima wenye vijidudu katika damu na presha iliyoshuka, karibu wote wakiwa na virusi vya UKIMWI. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi ya mapema walikufa 48 katika kila 100, na waliotibiwa kwa desturi ya kawaida walikufa 33.

Nimezitaja habari hizi ili mwuguzi asijione amedanganywa peke yake. Wakubwa wa ulimwengu wamedanganywa pamoja naye, wenye mashine na wasio na mashine.

Hapa sina budi kuonya, maana najua jinsi habari zinavyotembea kutoka kanisani hadi sokoni. Asitoke mtu hapa akasema, "Mchungaji ameandika ya kuwa dripu huua." Mtoto aliyekaushwa na kuhara na kutapika, huyo ahitaji maji, tena upesi, naye hakuwamo katika utafiti ule, walimwacha nje kwa makusudi. Walioungua na waliojeruhiwa waliachwa nje pia, na watoto wenye utapiamlo mkali vilevile, kwa kuwa wana utaratibu wao. Hili ni neno la watoto wa namna moja. Ujuzi wa mwuguzi ni kuwapambanua.

Tena mwongozo wenyewe hausemi neno moja kwa mahali pote. Mwaka 2020 mabingwa wa nchi nyingi walitoa mwongozo juu ya watoto wenye sepsisi, yaani wale ambao mwili wao waharibika kwa kupigana na vijidudu. Walisema ya kuwa panapo chumba cha wagonjwa mahututi chenye vyombo vyake, maji ya haraka yaweza kutolewa kwa kupima, hata mililita 40 au 60 kwa kilo katika saa ya kwanza. Bali mahali pasipo chumba hicho, na presha ya mtoto haijashuka, yasitolewe. Mmoja aliniuliza kwa hasira kidogo: "Basi mtoto wa Ulaya ana haki yake na mtoto wa Muheza ana yake?" Nami naielewa hasira hiyo. Lakini sidhani ya kuwa mwongozo unawabagua watoto. Unasema kweli juu ya mahali. Ukimfungulia mtoto maji mengi, na pumzi ikamshinda, kule iko mashine ya kumpumulia; hapa iko mikono ya mwuguzi mmoja mwenye vitanda 30. Udhalimu upo, bali haupo katika karatasi ya mwongozo. Upo katika vile vitanda 30 na mwuguzi mmoja, na hilo si jambo la kunyamaziwa na washarika wenye kura na wenye kulipa kodi.

Siku ya tatu nalikwenda mwenyewe wodini kumtafuta mama yule, ili nimwambie ya kuwa nilimjibu upesi mno. Nilimkuta kando ya kitanda cha mtoto wa miaka miwili hivi. Mama wa mtoto, binti mdogo tu, alikuwa amesimama na kitambaa kichwani, naye alikuwa akilalamika kwa sauti ya chini: "Mama muuguzi, mbona mwanangu hamumtundikii maji? Yule wa kitanda cha dirishani mmemtundikia."

Mwuguzi hakumkemea. Wala hakumwambia kwamba mambo haya ni ya wenye elimu. Alimwambia, "Yule anaharisha, mwanangu. Wa kwako ana homa. Ameshapewa dawa ya malaria, na ya vijidudu, na sukari yake nimeipima. Maji mengi sasa yaweza kumwumiza. Kazi yangu kwa mtoto wako ni kumwangalia kila baada ya nusu saa, na nikiona amebadilika nitamwita daktari." Yule binti alimtazama kama mtu asiyesadiki. Nami nilimfahamu, maana dripu yaonekana kwa macho, na kuangaliwa hakuonekani. Chupa iliyotundikwa humwambia mama ya kuwa mwanawe hakuachwa. Si rahisi kumpa mama mkono mtupu, hata ukijua ya kuwa mkono mtupu ndio salama. Nadhani zamani alitundika maji mara nyingine kwa ajili ya mama waliosimama hivyo, zaidi ya kuyatundika kwa ajili ya mtoto. Na aliponiambia "nimewaua", labda hilo nalo lilikuwamo.

Nikasogea, nikaanza kusema, "Mama, juzi nilikujibu..." Akaniinulia kidole ninyamaze. Mkono wake ulikuwa juu ya kifua cha mtoto, na macho yake katika saa yake. Alikuwa akihesabu pumzi. Nikangoja dakika nzima. Akaandika hesabu yake kwenye karatasi iliyofungwa kitandani, akaigusa miguu yote miwili ya mtoto, akaandika tena. Kisha akanigeukia, akasema, "Sasa, Mchungaji, nakusikiliza. Lakini tuzungumze papa hapa, maana nusu saa si nyingi."